Kejeli, fumbo, utani au kumwambia wazi: uchague lipi, na kwa nani

Jioni moja kwenye banda la kungojea feri ya Likoni, hapa Mombasa, saa ambayo kila mtu anarudi nyumbani na jasho lake, mama mmoja wa makamo alijipenyeza na kapu lake la mboga kutoka nyuma hadi mbele kabisa ya lango. Kijana aliyekuwa amesimama pale tangu feri iliyotangulia akampisha kwa mbwembwe, mkono kifuani, akasema kwa sauti ya kutosha banda zima: "Pita mamangu, pita. Sisi hapa twapunga upepo tu." Watu wakaangua kicheko. Mama akageuka, akamtazama kwa upole kama mtu atazamaye mtoto wa jirani, akajibu: "Ahsante mwanangu. Mungu akuzidishie hiyo adabu." Lango likafunguliwa, akaenda zake.

Mpaka leo sijui kama aliyachukua maneno yale yalivyo au aliyageuza akamrudishia mwenyewe. Nashuku ni hilo la pili, kwa sababu ya ile "hiyo". Watu walicheka tena, na safari hii hawakumcheka mama.

Mimi nauza leso, ambazo wengine huziita kanga, Biashara Street. Watu hudhani mwenye duka la leso huuza nguo, kumbe nusu ya wateja wangu hununua maneno yaliyoandikwa juu yake. Mteja huingia, akapapasa kitambaa kidogo, kisha akainama juu ya meza na kuuliza kwa sauti ya chini: "Una leso ya kumwambia mtu?" Huyo mtu huwa ni wifi, au jirani, au mke mwenza, au mwenye nyumba. Kabla sijashusha hata doti moja, humuuliza kama kweli ataka kumfumbia, au afadhali amtanie, au amkejeli yaishe, au aende tu akamwambie. Hizo ni njia nne mbalimbali, ingawa kila siku twazichanganya na kuziita zote "kumpiga mtu kijembe". Anayekwama kati yazo huchagua ile iliyo karibu na ulimi, halafu huja kushangaa mbona mambo yamekwenda yalikokwenda.

Ninavyopima

Kila njia nitaipitisha kwenye maswali manne. Je, neno litafika kama ulivyokusudia? Likifika vibaya, waweza kulirudisha? Ni masikio gani mengine yaliyo karibu? Na la nne, ambalo kwangu ndilo zito: huyo unayemwambia ana nafasi ya kukujibu? Sisemi kama ana ulimi. Nauliza kama akikujibu vilevile, mbele ya watu walewale, kutamfika lolote baya. Yule mama wa Likoni alikuwa na nafasi hiyo, ndipo tukacheka sote, hata kijana mwenyewe mwishowe. Mtumishi wa nyumbani anayekejeliwa na mwajiri wake mbele ya wageni hana.

Kejeli

Kejeli ni kusema kinyume cha unachokusudia na kumwachia msikizi kazi ya kugeuza. Mwaka wa 1981 wataalamu Dan Sperber na Deirdre Wilson walitoa hoja kwamba mwenye kusema hivyo hasemi kinyume tu. Huwa anayarudia maneno au matarajio ya mtu mwengine, kama mwangwi, ili aonyeshe yalivyochekesha. Mswahili ana neno zima la kazi hiyo: ati. "Ati atalipa Ijumaa." Hujasema mtu ni mwongo. Umeyarudia maneno yake, na "ati" ikamaliza. Ndiyo maana "Leo umewahi!" humchoma aliyeahidi kuwahi, ilhali ambaye hakuahidi kitu huitikia "naam" na kuvuta kiti.

Kufika, kwa mdomo hufika vizuri. Lugha yetu ina mahali pa kuiweka: silabi ya pili kutoka mwisho, ambayo ndiyo tunayoikazia siku zote, huvutwa hadi karibu ikatike. "Umependeza" ni sifa. "Umependeeeza" ni kesi. Alama nyengine ni heshima kupita kiasi: mtu ambaye jana alikuwa "wewe" leo amekuwa mheshimiwa, tajiri, shekhe. Hapo ndipo mgeni wa Mombasa hupotea, kwa sababu hapa heshima ni nyingi hata pasipo kejeli. Rafiki yangu aliyehamia kutoka bara aliniambia mwaka wake wa kwanza alikuwa hajui ni lini akaribishwa na ni lini afukuzwa. Watoto wadogo nao huachwa nje. Mtoto wa miaka minne aliyemwaga uji, ukimwambia "Vizuri sana, endelea," huenda akaendelea. Wengi huanza kuishika kejeli karibu na miaka sita, na hupita miaka mingine kadhaa kabla hawajaiona inachekesha.

Kuirudisha ni vigumu. Waweza kuuliza "Kwani nimekutukana?" na kweli hukutukana, lakini sauti yako mwenyewe ndiyo shahidi, na kila aliyekuwepo ameisikia.

Masikio ya pembeni ndiyo chakula chake. Mkiwa wawili tu kejeli hupoa. Yataka wa tatu wa kucheka. Kwa hivyo kabla hujaitoa, tazama huyo wa tatu ni nani. Mtu hustahimili mengi mbele ya marika wake ambayo hatayasamehe yakisemwa mbele ya wanawe au wakwe zake.

Na nafasi ya kujibu? Kabla ya leso nilikuwa karani mahali fulani. Mkubwa wetu alikuwa na kejeli tamu, nakiri, za kukumbukwa hadi jioni. Asubuhi moja mwenzetu aliingia saa tatu, ametoka kulala hospitalini na mamake. Mkubwa akasimama, akamvutia kiti, akakipangusa kwa kitambaa chake: "Karibu bosi. Tulikuwa twakungoja wewe tufungue." Chumba kizima kilicheka, nami nikiwemo. Mwenzetu akatabasamu, akaketi, akawasha kompyuta. Habari ya hospitali hakuisema siku ile, na mkutanoni hakufungua tena kinywa mpaka nilipoacha kazi mwaka uliofuata. Maneno hayohayo angeambiwa na karani mwenzake angejibu, "Haya, nimefika, ondoka kwenye kiti changu," tukaendelea na chai.

Aya ya 11 ya Surat al-Hujurat yakataza watu kuwadharau wenzao kwa kuwacheka, kwani huenda wanaochekwa ndio bora kuliko wanaocheka. Twaisikia darasani, twaitikia kwa kichwa, kisha twatoka msikitini na kuanza na viatu vya mtu.

Kejeli yawafaa walio sawa: marika barazani, abiria na makanga wake, ndugu waliokula sinia moja. Na iko ambayo sioni ubaya wake kabisa, ile isiyokuwa na mtu ndani. Mfereji ukikauka siku nne, kisha ukatema matone mawili, jirani akapiga vigelegele vya harusi dirishani, hakuumia mtu, na mtaa mzima umepumua.

Fumbo na kijembe

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo dukani kwangu.

Fumbo huficha ujumbe. Kijembe huficha jina tu. Ukisema mti wenye matunda ndio upigwao mawe, umefumba. Ukisema "Wako watu humu hukopa sukari, njia ya kurudisha wakaisahau," hicho ni kijembe, na macho yote yameshaelekea alipokaa. Leso hubeba vyote viwili. Ina pindo pande zote, ina mji katikati, na ndani ya mji chini yake kuna jina, yaani yale maneno. Huuzwa doti, mbili pamoja zenye jina lilelile, kwa hivyo aliyejifunga moja na kujitanda nyengine amekusemesha mara mbili.

Mwaka jana alikuja bi harusi wa miezi minane, simtaji. Wifi yake alikuwa akihesabu kila anachonunua, hata kitana. Nikamshushia kadhaa. "Usisafirie nyota ya mwenzio" akaiona kali. "Sisi sote abiria dereva ni Mungu" akaiona laini, ya kuvaa kwenye mazishi. Akachukua "Hasidi hana sababu", nyekundu na nyeupe, akaivaa siku ya hina ya binamu yao alikojua wifi atakuwepo. Wiki ya pili wifi mwenyewe akaingia dukani. Akasema ameona leso nzuri kwa mke wa kakake, nyekundu, na jina limempendeza mno, maana naye kazini kwao kuna watu wamhusudu. Nikamfungia doti yake, nikapokea pesa, nikanyamaza. Aliyenuna ni jirani, mwanamke ambaye hata hakuwa kwenye hesabu. Huyo alikaa mkabala na ile leso jioni nzima, akaisoma, akakumbuka jambo lake mwenyewe, na watu wa nyumba ile hakuwasalimia hadi Ramadhani.

Hivyo ndivyo fumbo linavyofika: halina anwani. Wahenga walisema fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua. Hawakusema mwerevu yupi.

Kwa upande wa kurudisha, hakuna njia iliyo salama kuliko hii. "Mimi nimevaa leso tu." Nani atakwenda kushtaki nguo?

Na hapa namtetea mwenye kufumba dhidi ya wanaomwita mnafiki. Mkamwana hawezi kumkejeli mavyaa, mama wa mumewe. Mpangaji hawezi kumtania mwenye nyumba, na akienda kumwambia wazi ataambiwa wazi naye, kwa notisi. Fumbo humpa pa kusemea yule aliyenyimwa pa kusemea, na mwenzake humwachia pa kujibia bila kelele, kwani naye ana sanduku la leso. Najua nyumba moja ambamo mavyaa na mkamwana waliendesha mazungumzo ya mwaka mzima kwa doti za leso. Nilikuwa nawauzia wote wawili. Katika mwaka huo hawakukosana hata mara moja kwa mdomo, na kila Ijumaa walipika pamoja, mmoja akikuna nazi, mwengine akichambua mchele, kila mmoja amejifunga jibu lake.

Mji huu umezoea hayo tangu zamani. Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita, yaani Mombasa, wa enzi za utawala wa Mazrui, mwanzoni mwa karne ya 19, alitunga akiwalenga watu wa Lamu wakati miji hiyo miwili ilipokuwa na uhasama wa kweli, wa silaha. Desturi ya ushairi wa pwani ni kwamba utungo ukitupwa hudai jibu. Aliyefumbiwa akinyamaza ameshindwa. Ukifumba, basi, jua umefungua malumbano. Uwe na ubeti mwengine mfukoni.

Gharama ya fumbo ni muda. Aliyekejeliwa ajua ameguswa wapi. Aliyefumbiwa hulala nalo akiligeuzageuza, na huenda kufikia alfajiri limekuwa kubwa kuliko ulivyolitunga. Stetasi za WhatsApp zimelizidisha hili. Leso ilionwa na waliokuwa uani. Stetasi yaweza kuonwa na kila mliyehifadhiana nambari, fundi wa bomba akiwemo, na nusu yao waamini wameandikiwa wao.

Yamfaa nani? Asiyeweza kusema wazi bila kuadhibiwa, na awe na subira. Mwenye haraka haimfai. Ikiwa wataka deni lako kabla ya mwisho wa mwezi, leso haitakuletea, nami nimewaambia wateja hivyo na kupoteza mauzo.

Utani

Utani hufanana na kejeli kwa maneno, ila una mkataba. Babu humwita mjukuu wake wa kike "mke wangu" na kumlalamikia mbele ya mumewe kwamba ameachwa kwa sababu ya mvi; mjukuu humjibu kuwa mahari yenyewe hakuwahi kulipa. Mashemeji hutaniana, mabinamu hutaniana. Hakuna anayeuliza kama ni kweli, kwa sababu ruhusa ilikuwepo kabla ya neno.

Hufika bila shida, na kurudisha hakuhitajiki, maana hakuna kilichochukuliwa. Hatari yake ni masikio ya pembeni: asiyejua kwamba hawa ni watani huona mtu akitukanwa. Niliwahi kumwona mchumba wa mtu, siku yake ya kwanza kuletwa nyumbani, akiinuka kumtetea mwenzake dhidi ya mzee wa miaka themanini. Ilibidi halati mmoja, dada wa mama, amvute kando, amweleze. Alirudi amekunja uso vilevile, lakini mwaka uliofuata ndiye aliyekuwa akimwambia mzee arudishe mke.

Kwa swali langu la nne, utani wapata alama zote, kwani nafasi ya kujibu ndio utani wenyewe. Shida ni kwamba mjini tumelibeba neno tukauacha mkataba. Mtu umekutana naye mara mbili tu, akuambia mbele ya watu, "Wewe umenenepa, nyumbani mwala na milango?" Ukinuna, "Nakutania." Mtani wangu tangu lini? Babu yangu alimtania kila aliyevuka kizingiti, lakini sikumsikia hata siku moja akigusia tumbo la binti yake ambaye hakujaaliwa mtoto. Mtani wa kujipachika huanzia hapohapo: kuzaa, kuolewa, weusi, unene, mshahara. Mzaha mzaha hutunga usaha.

Yawafaa wenye udugu unaojulikana, na marafiki waliokwisha kupigana wakapatana. Kwa wengine wote, jaribu dogo: jitanie mwenyewe kwanza, uone kama atakudakia. Akikudakia kwa ukali uleule ukacheka kweli, mna utani. Ukihisi kukasirika, wewe ndiye huna, na usimdai yeye.

Kumwambia wazi

Njia inayosifiwa sana na kutumiwa kidogo. Kwa kwetu, kusema wazi hakumaanishi kusema ghafla. Mtu hubisha hodi, huulizia watoto, hunywa kahawa hata kikombe cha pili, kisha husema, "Kuna jambo, sipendi likae moyoni." Anayeyaruka yote hayo akaanza na jambo lenyewe huonekana amekuja vitani, hata maneno yake yawe laini kama halua.

Hufika lote. Halirudi, lakini laweza kuombewa radhi, jambo ambalo fumbo haliwezi. Utaombaje radhi kwa leso uliyokwisha kuapa kuwa ni leso tu? Masikio yawe mawili. Akiongezeka wa tatu aliyealikwa kusikiza, si nasaha tena, ni kusuta, na kusuta kuna siku yake: mtu amekuzulia uongo, umemweka aliyesikia mbele ya aliyesema, na wamtaka akanushe au akiri. Ni dawa kali, ambayo mtu huinywa mara moja au mbili maishani.

Na swali la nne hapa huwa na majibu mawili. Kati ya marafiki, kusema wazi humpa mwenzako nafasi kubwa kuliko njia zote: ajua unalolalamikia, aweza kulikataa, kulieleza, kulia. Kati ya mkubwa na mdogo, "tuambiane wazi tu" ni neno rahisi kwa anayelipa mshahara.

Kwenye simu hesabu hubadilika

Hili ni langu, na nimelilipia. Katika kundi la WhatsApp la ukoo tulipanga kukutana kwa ami saa nne, matayarisho ya harusi. Halati wangu akafika saa saba. Nikaandika: "MashaAllah halati leo umewahi, hata jogoo hajawika." Kichwani mwangu niliisikia sauti yangu, na ule mvuto, na kicheko. Yeye alisoma herufi. Binti yake aliye Jeddah, asiyejua mkutano ulikuwa saa ngapi, akajibu kwa furaha: "Huyo ndiye mamangu, siku zote huwa wa kwanza." Watu wakamimina vicheko, mmoja baada ya mwengine. Dakika tano baadaye ikatokea ile mistari midogo ya kijivu kwamba halati ametoka kwenye kundi.

Mwaka wa 2005 watafiti wawili wa Marekani, Justin Kruger na Nicholas Epley, pamoja na wenzao, walilipima jambo hili kwa barua pepe. Watu walituma sentensi, nyengine za kweli, nyengine za kejeli, na walitaraji wasomaji watambue karibu mara 8 katika 10. Wasomaji walipatia zaidi kidogo ya nusu, jambo ambalo ungelifanya kwa kurusha shilingi. Kwa sauti walipatia vizuri zaidi. Sababu waliyoitoa naitambua mwenyewe: mwandishi husikia sauti yake kichwani na hudhani imekwenda pamoja na maandishi.

Nilikwenda kwa halati Kibokoni na sahani ya vitumbua, nikakaa saa nzima tukizungumzia goti lake, kisha nikamwambia wazi kwamba nilikosa. Akasema hakukasirika. Akavila vitumbua vyote mbele yangu bila kunikaribisha, na hapo nikajua ni fumbo.

Kwa hali yako

Ukiwa una neno juu ya mtu aliye chini yako kazini au nyumbani, acha kejeli, acha na utani. Mwite kando, mwambie wazi, na umwachie muda wa kusema upande wake. Hata ukimchekesha kila mtu, yeye hulipwa kucheka. Ukiwa ni wewe uliye chini, sitakuambia uwe jasiri kwa gharama yako. Fumba ukijua huenda lisifike. Au tafuta mtu wa kati, mtu mzima ambaye mkubwa wako humheshimu, akuchukulie neno.

Kwa rafiki uliyemkopesha, kejeli ya kwanza yafaa, mkiwa wenyewe: "Tajiri, waonaje?" Akicheka na asilipe, ya pili iwe wazi na iwe na tarehe. Kejeli ya tatu juu ya deni moja haikupatii ila jina la mnung'unikaji.

Kwa wifi na mavyaa, itategemea nyumba. Ukiwa wakaa nao uani mmoja, fumbo lililo laini huzuia ugomvi mkubwa. Ukiwa wakaa mbali na mwaonana Idi kwa Idi, fumbo halina kazi. Mwenzako atalisahau au atalipa maana nyengine, na wewe hutakuwepo kuona. Nenda mnywe kahawa.

Mtoto mdogo mwambie kitu kama kilivyo. Kijana wa miaka kumi na tatu atakukejeli yeye kwanza. Mjibu vilevile mkiwa nyumbani, usimjibu vilevile mbele ya rafiki zake.

Kwenye simu, ukishindwa kujizuia tuma sauti. Kwenye kundi la ukoo usitume hata sauti.

Kwa mgeni usiyemjua, kwenye feri au kwenye matatu, kejeli haina gharama kubwa ikiwa u tayari kushindwa mbele ya watu. Yule kijana wa Likoni nilimwona tena wiki chache baadaye, banda lilelile. Mama mwengine, kapu jengine, akapita mbele yake. Alimsaidia kulitua, hakusema neno.

Na kuna asiyejua achague lipi hata baada ya yote haya. Alikuja mmoja majuzi, akanisikiza karibu nusu saa, viwiko mezani, juu ya jirani yake na takataka za mlangoni. Mwisho akashusha pumzi, akasema basi nimpe kitu kisichokuwa na jina. Nikamshushia kitenge.